Vinyunyizio Thelathini na Kimoja

Tanki lilikuwa tupu. Hilo hakuna aliyelibishia. Inspekta Maximilla Opondo alipanda ngazi ya chuma hadi juu, akamulika tochi ndani, akaona sakafu yenye tope jembamba na mdomo wa bomba ukiwa mkavu. Lita elfu sitini zilipaswa kuwa humo. Hazikuwemo.

Alishuka akafuta mikono kwenye sketi. Mbele yake lilisimama ghala la ushirika wa wauza omena, wale dagaa wa ziwani, jengo la miezi minane tu, la kwanza katika ufuo ule wa Kisumu kuwekewa mabomba ya kunyunyiza maji pindi moto ukitokea. Kuta zilikuwa nzima. Mabati ya upande wa ziwa yalikuwa yamejikunja. Moto ulianza Jumanne mchana kwenye waya wa mashine ya kushonea magunia; hilo fundi wa umeme alikuwa ameshalithibitisha. Mlinzi, mzee Okello, alivuta moshi mwingi akalazwa, na daktari alisema angerudi nyumbani wikendi. Hakuna aliyekufa.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja seli. Jina lake Waswa, fundi wa pampu, umri miaka thelathini na mbili. Kazi yake ilikuwa kukagua tanki kila Jumatatu na kutia sahihi. Jumatatu alitia sahihi kwamba limejaa. Jumanne ghala likaungua, na Jumatano asubuhi tanki likakutwa tupu. Jumatano saa kumi jioni akakamatwa.

Leo ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Sheria ilimpa mkuu wa kituo, Bwana Oluoch, saa ishirini na nne: amfikishe Waswa kortini au amwachilie. Oluoch alikuwa amekwisha kuchagua.

“Mtu anasema limejaa, moto unakuja, tanki tupu,” alimwambia Maximilla alfajiri ile. “Opondo, wewe unataka nini tena kwa hii kesi? Malaika ashuke?”

Maximilla alijibu kwamba anataka mpaka saa kumi. Akapewa.

Alianza na ule uvumi, kwa sababu ulikuwa karibu. Mtu asiyejitaja alikuwa amepiga simu kituoni kusema Waswa alikuwa akiwauzia waosha magari maji ya tanki. Waosha magari walikuwa hatua mia mbili kutoka ghala. Maximilla alimkuta kijana mwenye ndoo akisugua gurudumu la pikapu, akamuuliza maji anayanunua wapi. Kijana aliangalia chini. Alikuwa amesimama ndani ya ziwa, maji yamemfika magotini.

“Madam,” alisema, “ninunue maji ya nini?”

Wenzake walicheka hata wakaangusha matambara. Mmoja aliongeza kwamba hata ziwa likikauka yeye atahamia Uganda kabla ya kununua maji. Maximilla aliandika mstari mmoja kwenye daftari, akaukata uvumi, akaondoka.

Seli ilimchukua dakika kumi. Waswa hakulia wala hakuapa. Alisema alipanda ngazi Jumatatu, akatumbukiza fimbo yenye alama, ikalowa hadi alama ya juu kabisa. Alikuwa peke yake. Hakupiga picha. Hajawahi kupiga picha, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Maximilla alimuuliza kama kuna mtu mwingine mwenye ufunguo wa uzio wa tanki. Hakuna. Je, tanki lina ufa? Halina. Je, vali ya kutolea maji ilifunguliwa? Haikufunguliwa, na hapa Waswa alijiumiza mwenyewe kwa kusema ukweli: akaeleza kwamba vali hiyo ina kufuli, na ufunguo uko kwake.

“Kwa hivyo kama maji yalitolewa, ni wewe,” Maximilla alisema.

“Kama yalitolewa kupitia hapo, ni mimi, mama. Lakini kuna njia nyingine maji hutoka.”

“Ipi?”

“Kwa vinyunyizio. Hiyo ndiyo kazi yake.”

Alitoka na sentensi hiyo. Ilikuwa rahisi mno, na kwa siku mbili hakuna aliyekuwa ameifikiria. Kila mtu alianza na tanki tupu akarudi nyuma hadi kwa Waswa. Hakuna aliyeuliza kama maji yalitumika.

Saa nne na nusu alikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Hiram Njenga, lililopakana na ghala. Njenga alikuwa mtu wa Nyeri aliyekaa Kisumu miaka ishirini, na alikuwa na desturi ya kurekodi kila kitu kwa simu ili asije akasingiziwa. Siku ya moto alikuwa amerekodi video tatu. Alizionyesha kwa fahari, akieleza jinsi alivyofunga duka, jinsi alivyopiga simu kwa zimamoto, na jinsi jirani yake mwingine alivyokimbia na kiatu kimoja.

Maximilla alimwomba anyamaze. Kisha akafanya jambo ambalo Njenga hakulielewa: aliifunika skrini kwa kiganja, akasikiliza tu.

Kulikuwa na mlio. Ting-ting-ting, wa chuma kwa chuma, wa haraka, usiopumzika.

“Hiyo ni nini?”

“Hiyo kengele yao. Iko pale ukutani,” Njenga alisema. “Ndiyo ilinitoa dukani. Imeanza tu, hata moshi sijaona bado.”

Saa ya video ya kwanza ilikuwa nane na dakika ishirini na mbili mchana. Katika video ya pili kengele bado ilikuwa ikilia. Ya tatu ilianza saa nane na dakika hamsini, na ndani yake mlio ulilegea, ukapiga ting moja, ukakaa, ukapiga nyingine, ukanyamaza. Dakika ya hamsini na mbili. Gari la zimamoto lilionekana likiingia langoni dakika tatu baadaye.

Nusu saa kamili. Maximilla aliandika.

Halafu akaondoa kiganja, akatazama video ya kwanza tangu mwanzo. Moshi mweupe mlangoni. Watu wakikimbia. Alirudisha nyuma akatazama tena, mara ya tatu, mara ya nne.

“Hawa wanawake mbona wanaingia?” aliuliza.

“Kuokoa mali yao. Ningekuwa mimi pia ningeingia.”

“Sawa. Sasa ona hapa wakitoka. Wamebeba nini?”

Njenga aliinama karibu na skrini. Wanawake walikuwa wakitoka mikono mitupu. Aliangalia tena, akavua kofia.

“Hakuna,” alisema. “Na wakati wa kuingia walikuwa wamekumbatia kitu. Kitu cha buluu.”

Maximilla alimwamuru amtumie video zote tatu palepale, na asizipeleke kwingine. Kisha alimpigia simu mhandisi.

Mhandisi aliyechora mfumo ule alikuwa Rahab, mwanamke mfupi mwenye buti za matope, aliyefundisha siku kadhaa za wiki Chuo Kikuu cha Maseno. Alifika akiwa na ramani chini ya kwapa na uso wa mtu anayejua kwamba akitoka Waswa, anayefuata ni yeye. Hakusalimia kwa marefu.

“Uliza unachotaka,” alisema. “Nimeleta hesabu zote.”

Maximilla alianza na kengele. Rahab alieleza kwamba haitumii umeme. Maji yakianza kutembea kwenye bomba kuu, sehemu ndogo huingia kwenye gurudumu dogo, gurudumu huzunguka, nyundo hupiga. Maji yakisimama, kengele husimama. Haiwezi kudanganya, kwa sababu haina akili.

“Kwa hivyo Jumanne maji yalitembea nusu saa.”

“Kama ililia nusu saa, ndiyo.”

“Basi tanki halikuwa tupu.”

“Halikuwa tupu. Lakini bosi wako atasema lilikuwa na maji kidogo. Tuingie ndani, tuhesabu.”

Waliingia. Harufu ya omena iliyoungua ilikuwa nzito hadi machoni. Rahab alielekeza tochi juu, kwenye safu za mabomba mekundu, na kwenye kila hatua tatu kulikuwa na kinyunyizio kikining’inia, na ndani ya kila kimoja kichupa cha kioo chenye maji mekundu, kidogo kama punje ya mchele. Joto likifika nyuzi sitini na nane kichupa hupasuka na maji hutoka. Kile tu kilichopashwa joto ndicho hufunguka. Watu hudhani vyote hufunguka pamoja kama bafu za bweni, alisema, na huo ni uongo wa sinema.

Maximilla alichukua chaki. Walitembea safu kwa safu, na kila kinyunyizio kisicho na kichupa alikipigia mstari ukutani. Walipomaliza mistari ilikuwa thelathini na mmoja.

Rahab alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

“Thelathini na kimoja,” alisema. “Mimi nilipigia hesabu kumi na viwili.”

Alieleza polepole, akiandika sakafuni kwa chaki ileile. Moto wa ghala kama hili, ukinyeshewa mapema, hauwezi kufungua zaidi ya vinyunyizio kumi na viwili, huwa umeshadhibitiwa. Kila kimoja hutoa lita themanini kwa dakika. Kumi na viwili mara themanini ni mia tisa na sitini. Tanki la elfu sitini linatosha saa moja na ziada. Hiyo ndiyo kanuni aliyofuata. Vikifunguka thelathini na kimoja, pampu ni ileile, msukumo unashuka, kila kimoja kinatoa kama lita sitini na tano. Jumla ni elfu mbili na kidogo kila dakika.

“Gawanya,” alisema.

Maximilla aligawanya kwa simu. Ilikuja dakika ishirini na tisa na nukta nane.

Rahab aliongeza, kwa uaminifu, kwamba ni makadirio. Havikufunguka vyote kwa mpigo, kwa hivyo ongeza au punguza dakika mbili tatu. Lakini tanki lingekuwa nusu, kengele ingekufa kabla ya robo saa.

“Waswa hakudanganya,” Maximilla alisema. “Lilijaa hadi juu.”

“Lilijaa. Sasa tatizo ni langu. Kwa nini vilifunguka thelathini na kimoja? Maji yalinyesha palepale moto ulipoanza. Ilibidi uzimike.”

Maximilla alikuwa amepiga magoti kando ya rundo la pili, mahali palipoungua zaidi. Sakafuni tope lilikuwa bado linanata, unene wa vidole viwili. Maji yalifika hapa, mengi. Akaingiza mkono katikati ya rundo, akachimbua majivu, akavuta kipande cha gunia kilichobaki. Kilikuwa kikavu kabisa. Alikifikicha, omena ikatoka kama vumbi.

Sakafu imelowa, gunia kavu.

Juu ya majivu kulikuwa na ganda gumu la plastiki iliyoyeyuka, la buluu. Alilivunja pembeni. Pete ndogo ya shaba ilidondoka kwenye kiganja chake. Alitafuta, akapata nyingine, halafu ya tatu, umbali wa hatua moja moja kwenye mstari ulionyooka.

“Injinia,” alisema, “pete kama hizi hukaa kwa kitu gani?”

Rahab aliichukua, akaigeuza. “Turubai. Pale unapopitisha kamba.”

Kisha akafunga macho, kwa sababu alikuwa ameshaona mambo yote. Alieleza kwa sauti ya chini. Magunia yamefunikwa turubai. Maji yananyesha juu, yanateleza, yanamwagika chini. Moto uko ndani, mkavu, unatambaa chini ya turubai kutoka rundo hadi rundo, na joto linatokea mbali, likipasua vichupa ambavyo havikuhusika. Plastiki inapokuja kuyeyuka, moto umeshapanuka na maji yamegawanywa kwa vinyunyizio thelathini na kimoja.

“Nilipima urefu wa magunia,” alisema. “Nilipima nafasi ya kuachwa chini ya mabomba. Nilipima hata upepo wa ziwa. Sikuuliza hawa kina mama wakiona tone la maji wanafanya nini.”

Maximilla alijua wanafanya nini. Kila mtu aliyekulia ufuoni anajua. Omena iliyoanikwa ikinyeshewa ni hasara. Inaoza kabla ya kesho. Tone la kwanza likianguka hakuna anayesubiri kuambiwa. Unachukua turubai, unakimbia.

Saa nane mchana alimpata Dorca Abonyo kwenye mchanga nje ya ghala, akigeuza omena kwa ufagio. Alikuwa mwenyekiti wa wanawake wa ushirika, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, na wote walimwita Nyar Usenge, binti wa Usenge, kwa kuwa alizaliwa huko. Wanawake wengine walipoona daftari la polisi walijifanya wana kazi nyingi.

Dorca alisema kwamba hawakuingia ndani. Walikuwa nje. Walilia tu. Aliyasema yote bila kuinua macho, kwa mpangilio wa mtu aliyeyasema mara nyingi.

Maximilla alimwonyesha video.

Ufagio ulisimama. Dorca alieleza kilichowafanya wanyamaze. Ghala lilipofunguliwa walifundishwa siku moja: kengele ikilia, hakuna kuingia. Aliyevunja sheria angepoteza nafasi yake ya kuhifadhi. Wanawake arobaini walikuwa wametia vidole gumba. Kwa hivyo baada ya moto aliwakusanya, akawaambia wafunge midomo.

“Mliingia kufanya nini?”

“Kufunika. Maji yalikuwa yanamwagikia omena, yawa, jamani. Moto ulikuwa mdogo, kule kwa mashine. Tulijua zimamoto watauzima. Maji ndiyo yalikuwa yanatumaliza.”

Maximilla alimweleza kilichotokea chini ya turubai. Hakukizungusha. Dorca alisikiliza hadi mwisho, kisha akakaa chini kwenye mchanga, miguu imenyooka mbele.

“Kwa hivyo sisi ndio tulichoma,” alisema.

“Waya ndio ulichoma. Nyinyi mlizuia maji. Si kosa la jinai, mama. Kama kutojua kungekuwa kosa la jela, hata mimi ningekuwa nimeshafungwa mara mbili. Lakini Waswa yuko seli kwa tanki lililokuwa limejaa, na saa kumi anapelekwa kortini. Bwana Oluoch hatakubali pete tatu na hesabu ya chaki. Anataka mtu aliyeshika turubai.”

Dorca aliangalia wenzake. Aliuliza kama nafasi zao zitachukuliwa. Maximilla alisema hajui. Hiyo ni kazi ya ushirika, na hatamdanganya. Dorca akauliza kama Waswa ana watoto. Wawili. Hakuuliza tena. Akasema atafikiri.

“Fikiri ukitembea,” Maximilla alisema, akaondoka.

Saa tisa na robo alikuwa mbele ya meza ya Oluoch. Alipanga kila kitu kwa utaratibu: saa za video, kengele, mistari thelathini na mmoja, gunia kavu, pete. Rahab alisimama kando yake akajibu maswali, na Oluoch aliuliza mazuri, kwa sababu alikuwa mgumu lakini hakuwa mjinga. Aligawanya elfu sitini mwenyewe, kwa kalamu. Mwishowe aliegemea kiti.

“Nakubali hesabu,” alisema. “Lakini hesabu haiwezi kupanda kizimbani ikaapa. Wakili wa bima atasema turubai zilikuwa humo siku zote, na tanki lilitolewa maji baada ya moto. Nipe mtu, Opondo. Mmoja tu.”

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika arobaini. Dereva alikuwa ameshawasha gari la kwenda kortini.

Mlango wa kituo ulifunguliwa kwa nguvu. Dorca aliingia akiwa amevaa gauni la kanisani na kitambaa safi kichwani. Alipita foleni ya watu waliopoteza vitambulisho, akaja moja kwa moja mezani.

“Andika,” alimwambia Maximilla. “Dorca Abonyo. Jumanne, kengele ikilia, niliingia na turubai la buluu nikafunika omena. Tanki sikuligusa na Waswa hakuligusa. Maji yalikuwa mengi. Yalinilowesha mpaka ndani.”

Oluoch alimtazama. “Mama, turubai la futi ishirini. Ulilitandaza peke yako?”

“Peke yangu nitawezaje? Turubai lina pembe nne.”

Aligeuka nyuma. Mlangoni walikuwa wamesimama wanawake, si watatu tu wa pembe zilizobaki. Walijaa barazani hadi kwenye ngazi, wengine bado na magamba ya omena mikononi. Aliyekuwa mbele, Caren, alisogea.

“Mimi nilishika pembe moja,” alisema.

“Na mimi,” akasema wa nyuma yake. “Rundo la pili, upande wa dirisha.”

Mwingine, Rachael, alisema alishika pembe mbili, kwa sababu aliyekuwa naye alikimbia, na hapo mtu nyuma akalalamika kwamba hakukimbia, aliteleza. Wakaanza kubishana nani alikuwa wapi. Rahab alichukua karatasi, akachora ghala, akawaita mmoja mmoja waonyeshe mahali waliposimama. Alipokuwa akiandika majina yao kwenye mchoro aliwauliza mambo mengine: mkisikia mvua, turubai mnazichukua wapi; mngependa magunia yapandishwe juu ya nini ili yasiloweshwe na maji ya sakafuni. Walimjibu wote kwa pamoja. Rahab alikuwa akiandika kwa kasi, karatasi imeisha, akageuza nyuma.

Maximilla aliandikisha taarifa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Foleni haikupungua. Ilipofika ya sita Oluoch aliinuka. Dereva alichungulia mlangoni akauliza kama mshukiwa aletwe garini.

“Zima gari,” Oluoch alisema.

Alifungua droo, akachukua funguo za seli, akaenda mwenyewe.